Mtoto Aliyebaki Mlangoni

Juma lililopita kijana anayefanya staje kwangu alimaliza kuijenga upya tovuti ya chama kimoja cha wakulima wa huku kwetu Bukavu. Ilikuwa safi, nyepesi, inafunguka vizuri hata kwenye simu ndogo. Nikatoa daftari langu la zamani, nikamwonyesha anwani niliyoiandika humo kwa wino wa buluu, nikamwomba aifungue. Ikajibu 404: ukurasa haupo.

"Papa, hiyo ni ya zamani," akasema. "Tumebadilisha zote. Nani bado anaihitaji?"

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na jibu langu linaanzia kwenye chumba kimoja cha mtaa wa Nyawera, hapa mjini.

Siberi, ndivyo tulivyoviita vyumba vile vya kulipia intaneti. Hiki kilikuwa na masini sita, dirisha moja la barabarani, na jenereta uani. Mbele ya mlango mama mmoja alikaanga sambaza wa ziwani, basi moshi wa petroli na mvuke wa mafuta viliingia ndani pamoja. Hata leo harufu hizo mbili zikikutana, mkono wangu unatafuta kipanya. Mzee mwenye siberi alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika jina la kila mteja, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Umeme ukikatika katikati ya barua yako, dakika ulizokuwa umebakiza alizitia kwenye ukurasa wako, na hata ukirudi baada ya miezi miwili ulizikuta. Wanafunzi wa chuo cha ualimu cha ISP, mama wa sokoni wenye watoto Brussels, makarani waliostaafu, wote walimwamini kwa sababu ya daftari lile. Mtu mzima aliyekuwa akitafuta herufi moja moja kwenye kibodi hakuharakishwa, na dakika za kujifunza hazikuhesabiwa.

Mwenye nyumba alipotaka chumba chake, mzee akahamia Kadutu. Nimetafuta mwaka: daftari langu linasema 2005, mke wangu anasema 2006. Tuuache. Ninachokumbuka ni kwamba kwa miezi mitatu mizima, kila akitoka shule, mpwa wa mzee alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya mlango uliofungwa. Aliyefika aliambiwa: "Tumehamia Kadutu, juu ya soko. Njoo nikuonyeshe njia." Mzee alimlipa kwa kazi hiyo. Nilipomuuliza kwa nini anajitia gharama, alisema mteja akikuta mlango umefungwa haulizi umehamia wapi, anakuhesabu umekufa.

Wakati ule nilikuwa nimeanza kutengeneza tovuti za vyama vya mjini kwa lugha ya PHP. Anwani zetu zilikuwa za namna hii: ukurasa.php?id=27. Msomee mtu wa Brussels anwani kama hiyo kwenye simu huku uniti zinaisha, utajua kwa nini tulitaka /habari/soko-la-kadutu. Njia ilikuwepo. Seva ya Apache ina kipande kiitwacho mod_rewrite, ambacho Ralf S. Engelschall alikiandika mwaka 1996. Msomaji anaomba anwani nzuri, seva inaigeuza kimyakimya kuwa ile ya namba, na kivinjari hakijui lolote.

Nikaandika kanuni yangu, nikafungua ukurasa. Maneno yalikuja, lakini bila rangi na bila picha hata moja. Nilikesha nikitafuta kosa ndani ya kanuni, kumbe kosa lilikuwa kwenye violezo vya kurasa. Nilikuwa nimeandika picha/soko.jpg, nikihesabu kutoka pale faili langu lilipo. Lakini anayeitafuta picha ni kivinjari, nacho huhesabu kutoka kwenye anwani kinayoiona. Kilijiona kiko ndani ya /habari/, kikaomba /habari/picha/soko.jpg, mahali ambapo hapakuwepo. Dawa ilikuwa mkwaju mmoja mwanzoni, /picha/soko.jpg, ili njia ihesabiwe kutoka mlango mkuu.

Fomu nazo zikasumbua. Kiolezo kiliuliza PHP_SELF ili kijue fomu ipelekwe wapi, na PHP_SELF ilitaja faili la ndani. Msomaji alibonyeza na kujikuta kwenye ukurasa.php, bila namba ya habari aliyokuwa akisoma. Nilijifunza kuuliza REQUEST_URI, ambayo ni anwani aliyoiomba msomaji mwenyewe, na kuisafisha kabla ya kuichapa, kwa kuwa mtu mbaya anaweza kupachika msimbo wake humo. Mwishoni niliacha kabisa kuandika anwani kwa mkono ndani ya kiolezo. Kila kiungo kilipita kwenye fanksheni moja: unaipa namba ya habari, inakurudishia anwani. Siku ya kubadilisha, unabadilisha mahali pamoja.

Zikabaki anwani za zamani, ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzituma kwa barua pepe na kuzichapa kwenye ripoti. Hapo nikamkumbuka yule mtoto wa Nyawera. Kwenye seva, kazi yake inaitwa 301: nimehama moja kwa moja, nifuate huku. Jaribio la kwanza lilizunguka bila mwisho. Kanuni moja ilipeleka anwani ya zamani kwenye mpya, nyingine ikaigeuza mpya kuwa ya zamani, na seva, inayozisoma kanuni kutoka faili la .htaccess, ikazisoma zote mbili tena na tena mpaka kivinjari kikakataa. Ilinibidi kuangalia THE_REQUEST, yaani mstari ambao kivinjari kimeuleta chenyewe, ili 301 itolewe kwa mgeni wa nje tu.

Sisi wa Bukavu tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Babu yangu alianza kazi Costermansville, akastaafu Bukavu, wala hakuhama: mji ndio uliobadilishwa jina. Nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997, anwani zetu za intaneti zikapewa mwisho wa .cd, ile .zr ya Zaire ikafutwa mwaka 2001, na kila jina lililoishia hivyo likanyamaza. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, alikuwa ameandika kwamba anwani nzuri haibadiliki. Aliyeandika anwani kwenye karatasi hana njia ya kuisahihisha. Mwenye tovuti anayo.

Halafu simu zikaja, siberi zikafungwa, Facebook na WhatsApp zikawa ndiyo intaneti yote. Leo anwani hutengenezwa na mfumo wenyewe, na vijana hawaoni kilicho chini yake. Mradi ukiisha tovuti inatupwa. Mradi mwingine ukija inajengwa upya, na viungo vyote vya nyuma vinakufa. Inaniudhi, kwa sababu miongoni mwa vinavyokufa kuna bei za maharagwe za miaka kumi, orodha za mbegu, shuhuda za wanawake waliozitoa kwa uchungu. Maandishi yenyewe bado yamo kwenye seva. Kinachokosekana ni mtu wa kuonyesha njia.

Kwa hiyo, mwanangu, uliuliza nani bado anaihitaji. Anaihitaji yule ambaye hutamwona kamwe, mwenye karatasi ya zamani mkononi. Kabla ya kuifungua tovuti yako mpya, orodhesha anwani zote za zamani, na kila moja uiandikie 301 yake. Ni kazi ya siku moja au mbili. Mzee alilipia miezi mitatu.