Viti vya Morris

Mama keshasikia nimenunua gari la mwaka 1968, na simu hazikatiki: yaani hela ya bati inaishia kwenye mkweche? Ngojeni niwaeleze.

Ni Morris Minor, zile alizokuwa akizisifu baba mdogo. Hapa Uingereza gari likishapita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara. Kilichokuwa kimekwisha ni viti. Fundi alitaja bei nikacheka, nikaviingiza sebuleni mwenyewe. Unafumua leza ya zamani mshono kwa mshono, vipande vyake ndivyo sampuli ya kukatia mipya. Sponji ilikuwa imesagika unga. Leza mpya unaipasha kwa draya ya nywele ilainike, unaivuta kutoka katikati kwenda pembeni, kisha unaibana kwa pete za chuma na koleo. Vidole vinawaka moto! Mafundi wa Keko, shikamooni.

Kusema kweli, wodini kwetu tumepoteza wagonjwa wengi mwaka huu. Nikitoka zamu ya usiku usingizi haupo. Nikishona saa moja, nalala.

Mama, hela ya bati nimetuma Ijumaa. Kiti cha dereva bado.