Waonaje?

Nilipoulizwa maoni yangu kuhusu nyumba ya bibi, nilisema sina. Huu ni mwaka wa tatu, na jibu lile bado lanikera.

Tulikuwa barazani kwetu Tudor, baada ya Alasiri. Mjomba mkubwa alikuja kutoka Nairobi. Mdogo wake yuko Dubai, naye alikuwa kwenye simu tuliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Mnunuzi alishapatikana. Nyumba ingevunjwa yajengwe maghorofa, na bibi angehamia fleti mtaa huu huu, ghorofa ya nne.

"Nawe waonaje?" mjomba akaniuliza, kwa upole kabisa.

Mie ndiye niliyekuwa nikiishi na bibi. Nikasema, "Sina maoni, mjomba. Mtakavyoamua ni sawa tu."

Nilijiambia hiyo ni adabu.

Tukitaka kujua mtu ana msimamo gani, sisi twamuuliza "waonaje?" Naye huanza, "Mie naona…" Maoni yatokana na kuona. Hata rai, neno lililotujia kutoka Kiarabu, huko kwao asili yake ni kuona. Anayekisia tuna neno lake: huyo ana dhana. Lakini mwenye maoni, kwa lugha yetu, ni mtu aliyeona kitu.

Na mie nilikuwa nimeona. Nilimwona bibi kila siku akipanda vidato vitatu vya baraza, mkono ukutani, akipumzika kwenye cha pili. Fleti yenyewe nilikwenda kuitazama: jengo halina lifti. Wajomba hawakuyajua hayo. Kwenye simu, goti la mtu halionekani.

Bibi naye alipoulizwa, alicheka. "Macho yangu yana mtoto wa jicho, mie nitaona nini? Nyinyi ndio wenye macho." Wote wakacheka naye. Mie nilicheka pia, na hadi leo sijui kama maneno yale hakunirushia mie.

Kenya twaulizwa maoni kila mara. Kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ndiyo iliyotupa katiba hii, na kifungu chake cha 33 chalinda uhuru wa kujieleza. Zamani bei ilikuwa nyengine. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, umri wake miaka 22, aliandika waraka akauita "Kenya: Twendapi?" Swali tu. Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973, kwenye kitabu cha Sauti ya Dhiki.

Sijilinganishi naye, hata kidogo. Ila najiuliza, mie maoni yangu yangenigharimu nini? Nilikuwa bado nasoma, na karo yangu ilitoka mfukoni mwa mjomba mkubwa. Basi. Si adabu iliyonifunga mdomo, ni karo.

Pengine ningesema na nyumba ingeuzwa vilevile. Lakini wangeiuza wakijua.

Sasa bibi hushuka siku ya Idi na siku ya hospitali. Siku nyengine hunisubiri jioni nikitoka kazini aniulize, "Huko chini kukoje?" Nami namwambia: mahamri yamepanda bei, fulani kafiwa, ule mwembe umekatwa.

Mwezi uliopita tulikaa tena kwenye simu. Kuna fleti ya chini imepatikana, kodi yake ni kubwa kuliko hii. Mjomba mkubwa akasema tuvumilie kwanza, kisha akauliza, kama kawaida yake, "Au nyinyi mwaonaje?"

Nikamwambia, "Mjomba, mie naona hivi." Nikatoka nje na simu, nikaielekeza kwenye ngazi, nikaanza kushuka nikihesabu kwa sauti. Sitini na nne. Nilipofika chini, hakuna aliyekuwa akizungumza.

Jibu la fleti bado hajalitoa. Lakini safari hii hawezi kusema hakuona.