Mgeni Aliyetuandika

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii hutumika zaidi siku ya kuchinja kuku, lakini nionavyo mimi inayo maana nyingine. Mgeni huona nyumbani kwako mambo ambayo wewe umekwisha kuyazoea hata huyaoni tena. Huona ufa wa ukuta, husikia jinsi unavyosema na mkeo. Akirudi kwao husimulia, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Chukua mfano wa Wataliano. Mwaka 2003 Mwingereza mmoja, Tobias Jones, aliyekuwa amehamia mji wa Parma, alitoa kitabu juu ya Italia ya Silvio Berlusconi, tajiri mwenye vituo vya televisheni ambaye wakati huo huo alikuwa waziri mkuu. Ni kitabu chenye kejeli na mshangao mwingi juu ya siasa, mpira na televisheni za nchi ile. Lakini Mtaliano akichukizwa anayo magazeti yake na wachekeshaji wake, na akipenda aweza kwenda kukaa London, akawaandika Waingereza na chai yao.

Kwetu jambo hilo tungeliita utani. Mtani hukuvurugia hata msiba mpaka umpe chochote ndipo anyamaze. Humkasirikii, kwa sababu unajua siku ya msiba wake zamu itakuwa yako. Utani wa upande mmoja si utani, ndugu msomaji. Huo ni simango.

Sisi wa nyanda za juu za Makonde tuliandikwa mapema. Mwaka 1906, moshi wa vita vya Majimaji ungali haujatulia, alifika Newala Mdachi aitwaye Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alikuja na wapagazi, askari, kamera, mashine ya kunasa sauti na nyingine ya kupigia picha za sinema. Alipiga picha ndonya za bibi zetu, akanasa nyimbo za ngoma, akauliza habari za jando na unyago. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza.

Nilikisoma nilipokuwa mwalimu mkuu. Kuna kurasa ambazo mtu huzisoma meno yameumana, maana hucheka kama acheka mkubwa aangaliapo watoto wakicheza. Lakini tumpe haki yake: jicho alikuwa nalo. Aliandika humo masimulizi ya asili ya Wamakonde: mtu wa porini, asiyeoga wala kuchana nywele, alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikageuka mwanamke. Wakaenda mtoni Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, ikawa vile vile. Waliporudi juu, upande wa Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Ndiyo maana wazee waliusia watu wasijenge mabondeni karibu na maji.

Mgeni aonaye wanawake wakiteremka genge na mitungi, kisha wakipanda nayo kichwani, aweza kusema watu hawa hawana akili. Kumbe ndani ya usia ule mna hesabu. Bondeni kulikuwa na homa, na kulikuwa na wavamizi. Mwaka 1882 Magwangwara waliishambulia misheni ya Masasi na kuchukua mateka. Babu zetu walipima kiu na utumwa, wakachagua kiu.

Siku moja niliwasomea darasa la saba habari hizo. Mtoto wa kike wa dawati la nyuma akainua mkono: "Mwalimu, na sisi tuliandika nini juu ya huyo Mdachi?" Darasa likacheka, lakini mimi swali lile lilinikaa. Alipokuja kutuuliza, nyuma yake alisimama askari mwenye bunduki. Mzee aulizwaye namna hiyo hujibu kwa adabu, akamaliza mengine kimoyomoyo. Hayo ya kimoyomoyo hayamo kitabuni.

Si kwamba Waswahili hawakuweza. Miaka kumi kabla, 1896, Selim bin Abakari, Mngazija, alisafiri hadi Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Mdachi, akaandika safari yake kwa Kiswahili. Carl Velten aliichapisha mwaka 1901. Kumbe Wazungu nao walikwisha kutazamwa, ila watazamaji walikuwa wachache.

Basi niliwapa wale watoto insha: "Wageni wanaokuja kijijini kwetu." Wakati ule walikuja wengi kwa magari, na karatasi za maswali. Mmoja aliandika: "Mgeni hunywa maji ya chupa, kisha hutuuliza kama maji yetu ni salama." Mwingine: "Aliuliza baba ana mikorosho mingapi. Baba hakumwuliza yeye ana mingapi." Niliwapa alama za juu, ingawa tahajia ilikuwa mbaya.

Sisemi mgeni afungiwe mlango. La hasha. Pasipo yule Mdachi, ningeyasoma wapi masimulizi ya Mahuta kama yalivyosimuliwa mwaka ule? Nasema tu kwamba mwenyeji hawezi kupona kwa macho ya mgeni peke yake. Leo hakuna askari nyuma ya aulizaye, na kalamu zauzwa kila duka la Mkunya. Wazee wajuao sababu ya kuishi juu ya genge wanakwenda mmoja mmoja. Tusipowaandika sisi, mjukuu akitaka kumjua babu yake itambidi aende kumwuliza Mdachi.