Jirani Hahami

Sirari ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Hatua chache mbele yake ni Isebania, nayo ni Kenya. Baina ya miji hiyo hapana mto wala mlima. Pana mstari tu. Mstari huo walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Ukaanzia pwani, kwenye mlango wa mto Umba jirani na Vanga, ukapinda penye Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria. Wakurya hawakuulizwa. Walijikuta wamegawanywa, huyu raia wa huku na nduguye raia wa kule.

Yupo mzee mmoja hapo Sirari, umri wake wakaribia miaka themanini, ambaye majirani humwita tata kwa heshima. Dada yake aliolewa Isebania. Ng'ombe wa mahari walivuka mchana, mbele ya watu, na hakuna aliyewauliza cheti. Basi mwezi wa Februari 1977 mpaka ukafungwa. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limevunjika, Kenya imeunda lake, na Tanzania ikajibu kwa kufunga njia. Haukupita mwaka huo ila Jumuiya nzima ilikuwa imekwisha kufa.

Mama yao alifariki dunia mpaka ungali umefungwa. Binti yake alikuja usiku, kwa njia za panya, akaongozwa na kijana aliyezoea kupitisha magendo. Alimlilia mama yake huku amejiziba mdomo kwa khanga, kwani kilio kingesikika hadi kwa askari. Kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha kurudi. Mzee hasimulii kisa hiki kwa hasira. Husema tu kwamba wezi wa ng'ombe hawakupata taabu yoyote miaka ile, maana wao siku zote njia yao ilikuwa usiku. Aliyefungiwa mlango ni yule aliyekuwa akipita mchana.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ni nasaha njema kwa aliye mbali. Lakini je, yule ambaye shamba lake limo baina ya hao ndugu wawili, akalime wapi?

Hapa ndipo linapozuka suala la zamani: je, inafaa kiongozi wa taifa aketi uso kwa uso na serikali inayomfanyia uadui? Wapo wasemao kwamba kuketi na dhalimu ni kumvika kilemba asichostahiki. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na aliyeisimamia kwa ukali kuliko wengi alikuwa mwana wa mkoa huo huo wa Mara, Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye, na kikao cha juu cha marais watatu wa Jumuiya hakikukutana tena. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walipokusanyika Kampala, Tanzania haikwenda. Amin alikuwa akiwaua watu wake, na Mwalimu hakutaka mkono wake uonekane ndani ya mkono huo.

Walakini ukweli una pande zaidi ya moja. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumpindua Amin, wakashindwa, na ndege za Uganda zikaishambulia miji ya Tanzania. Mwezi uliofuata, kwa usuluhishi wa Somalia, yalitiwa saini mapatano ya Mogadishu: majeshi ya pande mbili yarudi nyuma ya mpaka, na pasiwepo upande utakaowatuma watu kuuhujumu mwingine. Marais hawakupeana mikono; mawaziri ndio waliozungumza. Mapatano yale hayakuleta urafiki wala hayakumtakasa Amin. Yalinunua muda, na wakulima wa Kagera waliendelea kupanda migomba yao. Oktoba 1978 Amin aliyavunja, akaivamia Kagera na kudai kuwa ni yake. Hapo tena hapakuwa na la kuzungumza, kwani huwezi kujadiliana na mtu juu ya chumba alichokwisha kulala ndani yake. Vijana wengi wa Kikurya walikuwamo katika jeshi lililoingia Kampala Aprili 1979.

Sasa na tulinganishe. Kwa Amin, muuaji, ilipatikana njia ya kuzungumza. Kwa Kenya, ambayo haikumwaga damu ya Mtanzania, na ambayo viongozi wake walikuwa wakijuana tangu siku za kudai uhuru, mlango ulifungwa miaka sita na miezi tisa. Mwisho wake haukuwa mgumu. Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mali za Jumuiya, ambazo msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi alikuwa akizipigia hesabu kwa miaka, zikagawanywa kwa mkataba wa 1984. Lililowezekana mwaka 1983 halikuwa muujiza.

Wazee wa Kikurya wana ada yao. Koo za Tarime, Wanchari na Warenchoka, Wairegi na Wanyabasi, zimepigana mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe na ardhi. Lakini damu ikishamwagika, mwisho wake wazee huketi. Hawaketi kwa kupendana. Huketi kwa kuwa mashamba yao yanapakana, na kinachotangulia si maneno matamu bali hesabu: nani amekufa, ng'ombe wangapi wamechukuliwa, nyumba ngapi zimechomwa. Kuketi si kusamehe. Ni kukiri kwamba adui ana anwani, na anwani hiyo haibadiliki.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mlango wa Ikulu ya Zanzibar ulipofunguka tarehe 5 Novemba 2009, Rais Karume na Maalim Seif wakaketi pamoja, wengi walijiuliza kwa nini haukufunguka kabla ya watu kufa Januari 2001.

Na si kila mlango uliofungwa hufunguka wote. Sirari ilipata njia yake tena, lakini katika wilaya ya Serengeti kituo cha Bologonja, walikokuwa wakipita watalii kwenda na kurudi Maasai Mara, kilibaki kimefungwa kwa miongo mingi baadaye. Nyumbu tu ndio waliopita, kwa malaki, kila mwaka, bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Mjukuu wa mzee wa Sirari alimwuliza siku moja, ni nani aliyekuwa na haki katika ugomvi ule wa 1977. Mzee alifikiri kitambo.

"Mura," akasema, "mimi sikuwahi kujua nani ana haki. Nilijua dada yangu yuko wapi."