Hospisi Njema Utaijuaje?

Msomaji mpenzi, jaalia ni Jumatatu asubuhi nawe umesimama karibu na lango la Hospitali Kuu ya Kenyatta, jijini Nairobi. Mkononi una bahasha kubwa ya picha za eksirei. Mamako ameketi kwenye benchi nyuma yako, kajifunga leso kiunoni, na anauma meno ili asilie mbele za watu. Daktari amekueleza kwa upole kwamba saratani imeenea na upasuaji hautafaa kitu tena. Kisha akasema, "Mpeleke hospisi." Umeitikia kwa kichwa, lakini moyoni unajiuliza: hospisi ni kitu gani hasa, na nitajuaje kwamba hapo ninapompeleka ni mahali pema?

Swali hilo huwafika watu wengi siku wasiyoitarajia, wakati akili imevurugika na mfuko umetoboka. Ndiyo maana ni heri kulijibu leo, ukiwa umetulia nyumbani na gazeti lako na kikombe cha chai. Basi twende safari kidogo, tuzuru mahali patatu.

Mahali pa kwanza hapako mbali na hilo benchi. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka wa 1990 katika uwanja wa hospitali hiyo ya Kenyatta, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Kenya. Wakati huo fikra yenyewe ilikuwa ngeni barani. Hospisi ya namna hii tuijuayo leo ilianzia London mwaka wa 1967, wakati Dame Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Barani Afrika, Island Hospice ya Harare ndiyo iliyotangulia, mwaka wa 1979.

Ukitarajia kukuta wodi na safu za vitanda, utashangaa. Hospisi nyingi za Kenya hazilazi wagonjwa. Mgonjwa huja mchana, huonwa, hupewa dawa na ushauri, kisha hurudi kulala kwake. Asiyeweza kuja hufuatwa na muuguzi hadi nyumbani. Watu wengi hufikiri hospisi ni nyumba ya kwenda kufia. Sivyo. Ni kikundi cha watu wanaokusaidia kumtunza mgonjwa wako pale pale alipozoea, karibu na wajukuu na kuku wake.

Kwa hiyo, funzo la kwanza ni hili: usihesabu vitanda, wala usibabaishwe na vigae vinavyong'aa na maua ya mlangoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Swali la kwanza la kuuliza ukifika katika hospisi yoyote ni fupi: "Je, mna mofini leo?"

Kwa nini mofini? Kwa sababu maumivu makali ya saratani hayaondoki kwa tembe za dukani. Mwaka wa 1986, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaofananishwa na ngazi. Kidato cha chini ni dawa kama parasetamoli, cha kati ni kodeini, na cha juu ni mofini. Hospisi isiyo na kile kidato cha juu ni kama zimamoto isiyo na maji. Nasi tumeumia kwa ukosefu huo. Mwaka wa 2010, shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini Kenya, ni saba tu zilizokuwa na mofini. Tangu wakati huo hospitali kadhaa zimeanzisha vitengo vya tiba shufaa, yaani matibabu ya kumtuliza mgonjwa, na serikali imetoa sera yake ya mwaka wa 2021 hadi 2030. Hata hivyo, sera haimezwi. Uliza kama chupa ipo kabatini, na kama mwezi uliopita ilikuwapo.

Ukishaambiwa ipo, sikiliza jinsi wanavyokueleza matumizi yake. Muuguzi anayeijua kazi yake atakwambia kwamba mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, si mpaka mgonjwa apige mayowe. Atakueleza kuwa kipimo cha wakati wa kulala chaweza kuongezwa maradufu ili mama asiamshwe usiku wa manane. Atakuonya kuwa siku za mwanzo huenda akasinzia au akahisi kichefuchefu, na kwamba ni lazima apewe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, kwani mofini hufunga tumbo. Tena atakutoa hofu kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Anayetumia mofini kwa kipimo kinachofaa kwa sababu ya maumivu si sawa na kijana wa kichochoroni. Ukiona umepewa chupa na kuambiwa tu "mpe kidogo akilia", ondoka hapo na maswali yako.

Sasa tupande basi. Safari ya pili yatupitisha Nakuru na Eldoret, tuvuke mpaka Malaba, tuingie Kampala tumechoka na miguu imevimba. Kusini mwa jiji kuna kilima kiitwacho Makindye, na huko ndiko yalipo makao makuu ya Hospice Africa Uganda. Ilianzishwa mwaka wa 1993 na Dkt. Anne Merriman, Mwingereza ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi katika hiyo hiyo Nairobi Hospice tuliyotoka kuizuru. Kazi ilianza na kikundi cha watu wachache na fedha za kutosha miezi michache tu. Leo hapo Makindye ndipo inapotengenezwa mofini ya maji inayotumiwa kote nchini Uganda.

Utengenezaji wenyewe si uchawi. Unga wa mofini hupimwa, ukachanganywa na maji, dawa ya kuuzuia usiharibike, na rangi. Rangi hiyo si pambo. Kijani ni mofini hafifu, miligramu 5 katika kila mililita 5. Nyekundu ni kali, miligramu 50 katika kiasi hicho hicho. Hivyo bibi asiyejua kusoma atatambua kwa macho akipewa chupa isiyo yake. Tazama basi alama hii ya ubora: je, hospisi yako imefikiria jinsi ya kumkinga mgonjwa na makosa ya watu wa nyumbani mwake? Lebo imeandikwa kwa lugha mnayoielewa? Umepewa kikombe au sindano ya kupimia, ukaonyeshwa mstari wa kukomea?

Jambo jingine, mwaka wa 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini wenyewe. Sababu ni kuwa vijijini daktari ni wa kutafutwa kwa tochi. Uliza basi huku kwetu: katika hospisi hii, ni nani anayeidhinisha dawa, na asipokuwapo mgonjwa hufanyaje?

Tusiondoke Kampala bado. Jiji hilo ndilo makao makuu ya APCA, chama cha tiba shufaa barani Afrika, na chama hicho kimetuachia kipimo ambacho hata mtoto wa shule anaweza kukitumia. Kina maswali kumi yanayohusu siku tatu zilizopita. Saba huulizwa mgonjwa: maumivu yako yamekuwaje? Dalili nyingine, kama kichefuchefu au kukohoa, zimekusumbua kiasi gani? Umekuwa na wasiwasi kuhusu ugonjwa wako? Umeweza kumwambia jamaa au rafiki yaliyomo moyoni? Umeona maisha yana thamani? Umekuwa na amani? Je, jamaa zako wamepata msaada na ushauri wa kutosha wa kupanga ya mbele? Matatu yaliyobaki huulizwa anayemtunza: umepewa habari kiasi gani, una imani kiasi gani kwamba unaweza kumtunza, na wasiwasi wako ni mkubwa kiasi gani?

Majibu ni kutoka sufuri hadi tano, na mkono waweza kutumiwa badala ya kalamu. Ngumi iliyofumbwa ni sufuri, yaani hakuna maumivu. Vidole vitano vilivyokunjuliwa ni maumivu yasiyosemeka. "Mama, leo ni vidole vingapi?" Kwa swali la amani hesabu hugeuka, maana hapo vitano ndivyo tunavyovitafuta.

Msomaji, ukikumbuka jambo moja katika makala haya, na liwe hili la mkono. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ubora wa hospisi haupimwi kwa hotuba ya msimamizi bali kwa vidole vya mgonjwa. Muulize mama siku ya kwanza, uandike katika daftari. Muulize baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Vikishuka kutoka vitano hadi viwili au kimoja, huduma ni njema hata kama ofisi yao ina kiti kimoja. Visiposhuka, rudi ukawaambie. Hospisi njema itaongeza kipimo au kutafuta sababu nyingine. Hospisi mbaya itakwambia, "Vumilia, ndivyo saratani ilivyo."

Safari ya tatu ni ya kaskazini-magharibi, kilomita 200 hivi kutoka Kampala, hadi mji wa Hoima katika nchi ya Bunyoro. Mwaka wa 1998 wale watu wa Makindye walifungua tawi huko wakaliita Little Hospice Hoima, yaani hospisi ndogo. Jina lenyewe linakiri udogo wake. Lakini udogo si upungufu. Mahali kama hapo hutegemea wanakijiji waliojitolea, wenye kumjua mgonjwa na njia ya kwake, na wengine huwafikia kwa baiskeli. Huko Uganda utakuta hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zikitumiwa kulainisha choo pale tembe zinapokosekana. Nacho kidonda cha saratani kinachonuka mpaka majirani wakaacha kuja hupakwa tembe za metronidazoli zilizopondwa, harufu ikapungua na majirani wakarudi. Gharama yake ni ndogo, ila heshima anayorudishiwa mgonjwa haina bei.

Kwa hiyo hospisi ndogo tuisamehe nini, na tusiisamehe nini? Tuisamehe gari kuukuu, foleni ya asubuhi, na paa linalovuja. Tusiisamehe mambo manne.

La kwanza ni simu isiyopokelewa. Maumivu hayafuati saa za ofisi. Uliza mapema: "Mama akizidiwa saa nane za usiku, nimpigie nani?" Kisha ipige hiyo nambari jioni moja uone kama kuna atakayeitika.

La pili ni karatasi. Nchini Kenya vituo vya afya hupewa leseni na baraza la madaktari, KMPDC, nao wauguzi husajiliwa na baraza lao. Leseni yafaa kuwa ukutani, na tarehe yake iwe haijapita. Waweza pia kuuliza kama wanajulikana na KEHPCA, chama kinachounganisha hospisi za nchi hii. Mwenye leseni hakasiriki akiulizwa leseni.

La tatu ni fedha zisizoeleweka. Hospisi nyingi huendeshwa kwa michango na huomba malipo madogo. Wakuandikie bei ya kumwona mgonjwa, ya dawa na ya kutembelewa nyumbani, na wakueleze kama bima ya afya, SHA, italipia chochote. Anayekuahidi kuponya saratani iliyoenea kwa malipo ya kabla si hospisi. Ni mwindaji, nawe ndiwe swara.

La nne ni kumsahau mgonjwa mwenyewe. Muuguzi akija nyumbani, tazama anaketi wapi. Akisimama mlangoni na kuzungumza nawe juu ya kichwa cha mama, kana kwamba keshakwenda, mpe alama ya chini. Akivuta kigoda, akamshika mkono, akamsalimu "Shikamoo mama" na kungoja aitikiwe, hapo pana kitu. Tazama pia kama anakuuliza nawe umelala saa ngapi, na kama anamkumbuka yule mtoto wa darasa la sita aliyejibanza jikoni, asiyeelezwa chochote.

Kuna na kipimo cha mwisho, ambacho hutakiona mpaka mambo yaishe. Mazishi yakipita, matanga yakiondolewa, na wageni wakirudi kwao, nyumba huwa na kimya kizito. Hospisi njema hupiga simu wiki hizo, au huja kuketi nanyi. Hawana tena mgonjwa wa kutibu humo. Wanakuja kwa sababu ninyi mmebaki. Ndiyo maana, kabla ya kuamua, mtafute mtu aliyefiwa chini ya uangalizi wao umuulize swali moja tu: "Baada ya kuzika, walikuja?"

Turudi basi kwenye lile benchi la Kenyatta. Mama bado anauma meno. Huna uwezo wa kumwondolea saratani, na hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Lakini maumivu hayo yana dawa, na watu wa kuitoa wapo. Mwinamie taratibu, umwombe akuonyeshe kwa mkono leo ni vidole vingapi. Iandike hesabu hiyo juu ya bahasha, kisha mshike mkono mwende.