Sheria Iliyoshuka Mlimani

Tulipoingia Kitivo cha Sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katikati ya miaka ya themanini, jina la Issa Shivji lilikuwa limetutangulia. Wengi wetu tulilisikia tukiwa bado JKT, kutoka kwa waliokuwa na kaka au dada chuoni. Tuliambiwa kwamba huyo mwalimu hafundishi sheria peke yake, na kwamba anayetaka kukariri vifungu akafaulu atafute kozi nyingine. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta uhakimu, basi. Nilitaka cheti, joho na mshahara wa serikali, ingawa mshahara wenyewe siku zile ulikuwa hauvuki tarehe kumi.

Kitivo chetu kilikuwa na historia ya kujivunia. Ndicho kitivo cha kwanza cha Chuo Kikuu, kilichoanza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, na masomo yalianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kwa sababu majengo ya Mlimani hayakuwapo. Kilikuwa kitivo cha sheria cha Afrika Mashariki nzima: Wakenya na Waganda walikuja kusomea kwetu. Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alipita hapo. Yash Ghai, aliyekuja kuongoza tume ya kuandika upya katiba ya Kenya, alifundisha hapo na kuwa mkuu wa kitivo. Ukiwa mwanafunzi hujali sana mambo haya. Unajali kama kuna maji bwenini.

Shivji mwenyewe alikuwa zao la mahali hapo. Mzaliwa wa Kilosa, 1946, alipata shahada ya kwanza ya sheria mwaka 1970, akaenda London kwa shahada ya pili, akarudi kufundisha. Lakini alikuwa ameshajulikana hata kabla ya kuondoka. Mwaka huohuo wa 1970, jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilitoa toleo maalumu lenye insha yake ndefu, The Silent Class Struggle. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha mabenki na viwanda baada ya Azimio la Arusha hakukumaliza kazi, kwa sababu makampuni ya nje yaliendelea kushika usukani kupitia mikataba ya uendeshaji na uuzaji wa teknolojia. Serikali ilikuwa mwenye mali kwenye karatasi. Kabla mwaka haujaisha, Cheche ilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina lenyewe linafuata gazeti la Lenin, na Tanzania haihitaji itikadi za kuazima. Nadhani insha ile iliwakera wakubwa kuliko jina.

Kizazi chetu hakikuyaona hayo. Tulirithi vitabu. Class Struggles in Tanzania, kilichotoka 1976, kilikuwa kikizunguka bwenini kikiwa hakina jalada, kurasa zimebandikwa kwa gundi ya ugali. Humo ndimo nilimosoma kwamba waliokuwa wakiendesha mashirika ya umma walikuwa wamegeuka tabaka lenye maslahi yake. Nilisoma pia jinsi wafanyakazi walivyoichukua ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa 1971, ile inayomkataza kiongozi kuwa na majivuno na ubabe, wakaitumia kuwafungia nje mameneja. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber walifika mbali zaidi: walikitwaa kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Serikali iliyotoa Mwongozo haikuiacha njia hiyo ienee. Baba yangu alikuwa karani katika shirika la umma miaka hiyo, na nilipomuuliza kuhusu mambo hayo alizima redio akasema, "Hayo ndiyo mnayofundishwa huko?"

Ndiyo, ndiyo tuliyofundishwa, au ndiyo tuliyoyasikia sisi. Tuliondoka na fundisho moja: sheria ni fimbo ya anayetawala. Tulilipenda kwa sababu lilikuwa fupi. Liliweza kujibu karibu swali lolote la mtihani, iwe sheria ya kazi, ya jinai au ya mikataba. Mwaka 1986 ilipotoka tasnifu ya udaktari ya Shivji ikiwa kitabu, Law, State and the Working Class in Tanzania, tulishangaa jinsi kilivyojaa mambo madogo madogo: kanuni za vibarua tangu miaka ya ishirini, mikataba ya manamba, adhabu za kutoroka kazini, namna makuli wa bandarini walivyojifunza kugoma. Hapakuwa na ufupi wowote. Ukisoma kwa makini unaona kwamba wafanyakazi hao hawakuwa wakipigwa tu na ile fimbo. Mara nyingine waliishika upande wa pili wakaivuta. Sisi tulichukua sentensi za utangulizi, tukaacha sura za katikati.

Miaka hiyo Mlimani ilikuwa imechoka. Walimu wenye majina ya kimataifa walifuga kuku nyuma ya nyumba, na si kwa burudani. Baadhi walikwenda kufundisha Botswana, Lesotho na kwingineko, na hakuna aliyewalaumu kwa sauti. Waliobaki walipigana vita nyingine. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata, wanafunzi walipogoma, serikali ilikifunga chuo. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, nimepangiwa kazi ya uwakili wa serikali katika wilaya moja ya kaskazini, ambako magazeti yalifika yakiwa na siku nne.

Huko ndiko nilikogundua kwamba sikufundishwa ardhi. Yaani nilifundishwa: mtihani nilifaulu. Lakini kesi zilizokuja mezani hazikufanana na nilichosoma. Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini ilikuwa imewahamisha watu na kuwagawia mashamba ya wengine, kwa amri tu, bila karatasi. Serikali ilipolegeza kamba miaka ya themanini, wenyewe walianza kurudi kudai. Mahakama zikawarudishia wengi, kwa sababu kisheria hakuna aliyewahi kufuta haki zao za kimila. Ukimrudishia huyu, unamfukuza yule aliyelima hapo miaka kumi na tano. Ofisi yangu ilikuwa na benchi moja, na wote wawili walikaa humo wakisubiri, kila mmoja akinisalimu kwa heshima kuliko mwenzake.

Jirani yetu, Hanang, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilikuwa likilima ngano kwenye yapata eka 100,000 za malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Moja ya sababu ni kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Nilirudia kuisoma hukumu ile kama mtu anayetafuta ukurasa uliochanika. Watu walioishi pale tangu babu wa babu walitakiwa waje na ushahidi kwamba wao ni Waafrika wa Tanganyika kwa maana ya sheria ya Mwingereza.

Basi, Januari 1991 redio ikatangaza kwamba Rais Mwinyi ameunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, na mwenyekiti wake ni Profesa Shivji. Ofisini tulicheka. Yule aliyetufundisha kwamba sheria ni fimbo sasa anakwenda kuichonga? Wakili mmoja, mkubwa wangu kazini, alisema wazi kwamba profesa kanunuliwa. Sikumjibu, maana na mimi nilikuwa na wasiwasi uleule.

Tume ilizunguka mikoani ikifanya mikutano ya hadhara, vijijini na mijini, na ilipofika kwetu nilitumwa kama mtumishi wa wilaya. Nilikaa nyuma kabisa. Nilichokumbuka baadaye ni muda uliotumika kusikiliza. Katika mikutano ya serikali niliyoizoea, mkuu anahutubia saa mbili na wananchi wanapewa dakika ishirini za maswali. Hapa iligeuzwa. Mzee mmoja alisimama na fimbo yake akasema, "Waheshimiwa, shikamooni. Mmekuja kutuuliza au kutuambia? Maana waliotangulia wote walikuja kutuambia." Watu wakacheka, naye hakucheka. Akaanza kutaja mipaka ya shamba lake, mti kwa mti, na makarani wa Tume wakaandika.

Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1992, na juzuu la kwanza likachapishwa 1994. Nilipolipata nilitafuta fimbo, nikakuta swali. Sheria ya Mwingereza ya 1923 ilikuwa imeiweka ardhi yote mikononi mwa Gavana. Baada ya uhuru, palipoandikwa Gavana pakaandikwa Rais, mambo yakaendelea. Tume ikauliza: kwa nini mamlaka inayotawala ndiyo hiyohiyo imiliki? Ikapendekeza ardhi igawanywe mafungu mawili. Ya taifa iwekwe chini ya bodi inayowajibika kwa Bunge badala ya wizara. Ya kijiji imilikiwe na mkutano mkuu wa kijiji, wale watu wazima wote wanaokaa chini ya mwembe. Migogoro ianzie kwenye baraza la wazee. Na yote hayo yaingizwe ndani ya Katiba, ili waziri asiweze kuyabadilisha kwa saini.

Serikali ilikataa kiini cha hayo. Sera ya Ardhi ya 1995 ilibakiza ardhi yote kwa Rais kama mdhamini. Aliyeandaa rasimu ya sheria mpya alikuwa Patrick McAuslan, profesa Mwingereza ambaye mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo kabisa wa kitivo chetu kule Lumumba. Yaani mvutano mkubwa wa sheria ya ardhi nchini ulikuwa kati ya watu wawili wa kitivo kimoja, wa vizazi viwili. Zikatoka sheria mbili mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zikaanza kutumika Mei 2001. Mimi niliyekuwa nikitekeleza nasema si sheria mbaya kama wakosoaji walivyodai. Mwanamke alipata nafasi ambayo hakuwa nayo. Haki ya kimila ikapata hati. Lakini Sheria ya Ardhi, inapoeleza ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Muulize mfugaji ardhi isiyotumika ni ipi. Malisho ya kiangazi wakati wa masika hayana ng'ombe hata mmoja. Nimewahi kuona mwekezaji akionyeshwa bonde la namna hiyo na kuambiwa ni pori.

Katikati ya hayo, Mahakama ya Rufani ilikuwa imetoa hukumu ya Lohay Akonaay, 1994, ikisema kwamba haki ya kimila ni mali, na Katiba inailinda, hivyo Bunge haliwezi kuifuta bila fidia ya haki. Wanakijiji wangu hawakujua jina la kesi, lakini walijua kwamba mtu wa Arusha ameishinda serikali. Mwaka huohuo Shivji na wenzake walianzisha taasisi ya HAKIARDHI, wakaanza kuipeleka elimu ya ardhi vijijini kwa Kiswahili. Niliwaona vijana wa semina wakimweleza mwenyekiti wa kijiji vifungu ambavyo mimi nilivisoma kwa Kiingereza na kamusi.

Nikarudi kwenye kile kitabu cha 1986, sura za katikati. Nikaona kwamba profesa hakuwa amenunuliwa, wala sidhani kama aliiacha hoja yake. Makuli wa bandarini na yule mzee mwenye fimbo walikuwa wakifanya kitu kimoja: kuidai sheria kutoka kwa aliyeishika. Kilichobadilika kwake, kwa maoni yangu, ni msikilizaji. Alianza akiandikia wanaharakati na wasomi, kwa Kiingereza kizito. Miaka ya tisini akaandika makala za magazeti. Alipostaafu 2006 baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha, wengi tulidhani atapumzika. Mwaka 2008 akakalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa pale Mlimani, akaufanya ukumbi wa Nkrumah Hall ujae tena kwa mihadhara ya umajumui wa Afrika, hadi 2013. Kisha akaongoza Kavazi la Mwalimu Nyerere, yaani hifadhi ya nyaraka. Akachapisha mashairi ya Kiswahili, jambo ambalo mwaka 1985 tungelicheka hadi machozi. Na mwaka 2020, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, mwanaisimu na mwanasayansi ya siasa, akatoa juzuu tatu za maisha ya Nyerere, mtu ambaye serikali yake ndiyo iliyokuwa imeifunga Cheche.

Nimestaafu nami sasa. Lipo jambo moja ambalo sikubaliani na Shivji, na limezidi kunisumbua kadiri miaka inavyopita. Tume iliuamini sana mkutano mkuu wa kijiji. Mimi nimekaa kwenye mikutano hiyo. Nimeona halmashauri ikija na muhtasari ulioandikwa kabla ya mkutano, na majina ya waliohudhuria yakiwa na watu waliokwisha kufa. Nimeona mkutano halali kabisa ukipiga kura kugawa malisho ya wafugaji wachache wa Kimang'ati kwa wakulima walio wengi. Ardhi ingekuwa mali ya mkutano huo kikatiba, kama Tume ilivyotaka, yule mfugaji angekwenda kulalamika wapi? Najua jibu moja: kwamba mkutano usio na mali hauna sababu ya kujifunza kuilinda, na kwamba ungepewa kwanza ndipo uhukumiwe. Huenda. Mwanangu wa pili, ambaye naye amesomea sheria, analitetea jibu hilo kwa nguvu, na tumeshakesha kulijadili mpaka mama yake akatuzimia taa.