"Mama" isiyoandikwa

Nawaandikia kutoka Msanzi, huku Rukwa, baridi ya Ufipa imenifungia ndani. Nimekuja kikazi, binti yangu nimemwacha Unguja kwa bibi yake.

Jana usiku nimeitazama tena sehemu ya Breaking Bad iitwayo Ozymandias, iliyotoka Septemba 2013. Walter White kamchukua mtoto wao mchanga, Holly, kwa nguvu mbele ya mama yake. Anapombadilisha nepi, mtoto anaita, "Mama." Anarudia, anarudia. Baba uso unambadilika. Baadaye anamwacha kituo cha zimamoto ili arudishwe kwa mama yake.

Mnajua kama neno lile halikuwa limeandikwa? Moira Walley-Beckett alipata tuzo ya Emmy 2014 kwa kuiandika sehemu hii, lakini "mama" ilitoka kwa mtoto mwenyewe. Alimwona mama yake mzazi pembeni ya kamera, akamwita. Bryan Cranston hakusita, akaendelea kuigiza, na neno likabaki.

Nikamkumbuka Mtume wetu (S.A.W.), aliyekuwa akisikia mtoto analia huifupisha sala kwa kumhurumia mama yake.

Na mimi? Juzi binti yangu kanipigia, nikamjibu, "Mama ana kazi, baadaye." Baadaye sikupiga.

Leo baada ya alfajiri nimempigia, tukazungumza mpaka akachoka mwenyewe. Skuli zikifungwa namleta huku, in shaa Allah.

Wewe je, leo nani anakuita?